Jibu: Vocha ya mgahawa kwa bei ya kutupa, ninunue au nitapigwa?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: umeona mtandaoni vocha ya mgahawa yenye thamani ya 25 inauzwa 10, na hujui kama ni dili au changa la macho.

Kabla ya yote, upigie mgahawa simu. Uliza kama bado wako wazi na kama vocha za muuzaji huyo wanazipokea. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo. Tulifika watu wanne, tumependeza kweli, mhudumu akaitazama simu yangu weee, kisha akamwita meneja. Kumbe mgahawa ulishabadilisha mmiliki, na huyu mpya hazitambui. Nililipa bili nzima huku natabasamu.

Halafu soma yale maandishi madogo, hasa kima cha chini cha matumizi. Kwa vocha hiyo yako, wakitaka mle cha 50, utatoa 10 ya vocha na 25 ya kumalizia bili, jumla 35. Umeokoa asilimia 30, siyo 60 uliyotangaziwa. Si haba, ila kama mngekula cha 30 tu, vocha imekula kwako. Angalia pia kama inakubali vinywaji, wikendi na sikukuu.

Kununua kwa mtu binafsi ndiko kubaya zaidi, maana namba ya vocha anabaki nayo na anaweza kuitumia kabla yako. Hakiki salio la vocha kwanza, lipa kwa kadi ya benki ili uweze kudai pesa yako, na uitumie wiki hiyohiyo.

Hujasema muuzaji ni kampuni au mtu. Bandika masharti yake hapa tuyaangalie.