Usimlipe mtu akufungulie "poti zote" za ruta

SWALI: Fundi mambo vipi. Nina ruta ya 4G nyumbani Morogoro, nataka washkaji wa Dar na Mombasa waingie kwenye seva yangu ya Minecraft iliyo kwenye kompyuta yangu. Nimefowadi poti 25565 (mlango ambao gemu inapitia) kwenda 192.168.1.10 (anwani ya kompyuta hiyo) lakini wakijaribu haiunganishi. Kuna jamaa kaniambia nizime faiawali, niweke kompyuta kwenye DMZ, na nikimpa elfu thelathini atanifungulia poti zote. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata mia. Swali lako napata kila wiki na kila mara kuna "jamaa" ndani yake, sijui hawa watu wanazaliwa wapi.

Inavyoonekana ruta umeiseti sawa, kwaiyo sitarudia hayo. Ingia kwenye ruta, ukurasa ulioandikwa Status, soma WAN IP (anwani ambayo kampuni ya simu imeipa ruta yako), afu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, ulinganishe. Zikiwa tofauti, au ya WAN ikianza na 10, au 192.168, au kati ya 100.64 na 100.127, basi hapo ndo mwisho wa habari: uko nyuma ya CGNAT, yaani kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Laini nyingi za 4G ndivyo zilivyo. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima na akiba ya mwisho pale IANA, wagawaji wakuu wa anwani duniani, iligawiwa Februari 2011, sasa kampuni za simu zinafanyaje, zinaweka wateja kibao kwenye anwani moja. Ni sawa na nyumba ya kupanga, mlango wa chumba chako umeufungua vizuri kabisa ila geti kubwa ufunguo anao mwenye nyumba. Ufungue poti moja, ufungue zote 65535, washkaji wako hawafiki hata mlangoni kwako.

Sasa huyo jamaa anakuuzia nini? Maana ya DMZ kwenye ruta ya nyumbani ni kwamba chochote kitakachogonga kutoka nje kinatupwa moja kwa moja kwenye kompyuta yako, poti yoyote ile. Ukiwa nyuma ya CGNAT haikusaidii chochote, na siku kampuni ikikupa IP ya wazi (yako peke yako, inayofikika kutoka nje), au umehamia faiba, umeshasahau kwamba uliiwasha na faiawali umezima. Hapo poti 445 ya kushea mafaili ya Windows iko uchi mbele ya dunia. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilipita kwenye poti hiyohiyo, ikafunga mafaili ya watu mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Huhitaji kuwa mtu maarufu ndo ushambuliwe, kuna programu zinapita anwani zote za intaneti mchana na usiku zikigonga tu.

Na wala msiseme "mimi nacheza gemu tu nani atanitafuta", nimeichoka hiyo. Mirai ya 2016, ile programu hasidi iliyoteka kamera na ruta zenye pasiwedi za kiwandani, wenyewe walikuwa vijana wa Marekani waliojikita kwenye biashara ya kuangushana seva za Minecraft, wakakiri mahakamani 2017. Halafu Desemba 2021 ikatokea Log4Shell, tundu la usalama lililoigusa hata Minecraft, mtu anaandika ujumbe mmoja kwenye chati ya gemu na seva yako inaanza kutekeleza kodi yake. Kuna watu mpaka leo wanaendesha matoleo ya zamani bila kuapdeti kwa sababu eti modi zao (nyongeza za gemu) zinagoma.

Tuje kwako. Kama ni CGNAT, piga simu kwa kampuni uulize IP ya wazi, wengine wanauza, kwenye faiba inapatikana kirahisi kuliko 4G. Hawana? Weka programu ya Tailscale au ZeroTier kwako na kwa kila mshkaji, mnakuwa kama mko netiweki moja, ruta huigusi kabisa, na kwa watu wachache ni bure. Kama WAN inalingana, basi tatizo liko ndani: ipe kompyuta anwani isiyobadilika kwenye ruta, ruhusu Java tu (ndo inayoendesha seva) kwenye faiawali (usiizime!), na jaribu seva ikiwa inawaka maana poti bila programu inayosikiliza itaonekana imefungwa tu. Usijaribu kwa kutumia waifai yako mwenyewe, ruta nyingine haziwezi kukurudisha ndani ukipitia anwani yako ya nje. Na washkaji wakichezea simu hiyo ni Bedrock, toleo jingine la Minecraft, inatumia 19132 ya UDP, 25565 ya TCP ni ya Java, watu wanapoteza wikiendi nzima hapa.

Washa whitelist (orodha ya wanaoruhusiwa kuingia), andika majina ya washkaji, na online-mode (inayohakiki akaunti ya kila anayeingia) usiizime hata wakulilie.

Kama jamaa ameshaingia kwenye ruta yako, badili pasiwedi ya admin leo hii, angalia kama kaacha njia ya kuiendesha akiwa mbali, zima DMZ. Ukishaona WAN IP nitumie namba mbili za mwanzo tu, zinatosha, usinitumie yote.