Mwalimu, alama ya kidole haitakutajia mwizi wa bwenini

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia shule ya bweni, nina klabu ya sayansi ya kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi wameomba tujifunze uchunguzi wa kisayansi wa jinai, yaani alama za vidole, damu, DNA. Selotepu na poda ninazo. Sasa uongozi umesikia, na kwa vile bwenini hela zinaibiwa kwenye matranka, wanataka klabu ichukue alama za wanafunzi wote ili mwizi apatikane, wanasema itakuwa ni praktiko nzuri pia. Tuanzie wapi na poda gani inafaa?

Jibu: Mwalimu hongera kwa klabu. Poda naimaliza haraka maana tatizo haliko hapo. Kitu cheusi tumia poda ya mtoto, glasi au kikombe cheupe tumia kakao au risasi ya penseli iliyosagwa ikawa unga laini. Brashi iwe ile laini ya vipodozi, ipitishe juu juu bila kusugua, alama ikitokea bandika selotepu, ibandue, iweke kwenye karatasi ya rangi inayopingana na poda. Kama vidole ni vikavu na alama haitoki, mtoto ajipanguse kipaji cha uso kwanza, mafuta yatashika. Imeisha hiyo.

Sasa hili la mwizi wa bwenini. Hapana. Naomba usilifanye hata kama mkuu wa shule kasisitiza, na hapa nitaandika kwa urefu kwa sababu swali la namna hii linanifuata kila mahali, ofisini, kwenye semina, hata msibani mtu ananivuta pembeni, simu imeibiwa, cheni imepotea, "si mna mashine nyie, pimeni tu mtuambie ni nani". Hakuna mashine inayomtaja mtu. Haipo kwa Mkemia Mkuu, haipo polisi, haipo Marekani.

Chukua hilo hilo tranka. Nani kaligusa? Mwenyewe, jirani yake anayelikalia akisuka nywele, aliyemsaidia kulibeba siku ya kufungua shule, matroni siku ya ukaguzi, na mwizi kama hakujifunga kitambaa mkononi. Alama ya kidole haina tarehe wala saa. Mkiikuta ya Juma mnachojua ni kwamba Juma aliwahi kuligusa, na Juma analala hapo hapo, mlitegemea nini kingine? Na hiyo ni kama inasomeka, maana bati lenye rangi na kutu halikupi alama nzima kama ile uliyoacha NIDA ulipoandikishwa kitambulisho, linakupa kipande, kimeburuzwa, kimepandana na cha mtu mwingine. Kulinganisha kipande kama hicho ni kazi ambayo mtu anasomea na kuifanya chini ya uangalizi kabla hajaaminiwa peke yake, afu akimaliza anakuja mwingine anarudia. Nyie mnataka ifanywe na mtoto wa kidato cha tatu dhidi ya mwenzake ambaye jana waligombania ndoo bombani. Mtoto akishatajwa mbele ya paredi hata kama sio yeye, hilo jina la mwizi ataondoka nalo shuleni.

Na hao waliosomea wanakosea vilevile. Mwaka 2004 treni zililipuliwa Madrid, polisi wa Hispania wakapata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki wenye vifaa vya kuwashia mabomu, wakaituma hadi FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani. Kompyuta ya FBI ikatoa orodha ya watu ambao alama zao zinakaribiana nayo, maana ndo kazi yake hiyo, inatoa orodha, anayeamua ni binadamu. Kwenye orodha alikuwepo wakili wa jimbo la Oregon, Marekani, anaitwa Brandon Mayfield, alama zake zilikuwepo kwa sababu aliwahi kuwa jeshini. Wataalamu watatu wa FBI wakasema ni yake, wa nne aliyeteuliwa na mahakama naye akasema ni yake. Wahispania walishawaambia kwamba wao hawaoni hivyo, hawakusikilizwa. Mayfield kakaa kizuizini wiki mbili mpaka Hispania ilipotangaza kwamba alama ni ya mtu mwingine kabisa, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani ikaomba radhi, ikamlipa dola milioni 2. Hao ni FBI mwalimu, wana kila kifaa.

Kwa hiyo klabu ifundishe nini? Mimi nasema anza na majibu yanayodanganya, maana mtoto akishaona kwa macho yake kipimo kikimdanganya hasahau. Nenda bucha nunua ini kidogo. Kata pia kiazi mviringo kibichi. Viweke kwenye sahani mbili, lakini vipondeponde kwanza na uvifunike na karatasi ya chujio wasijue kipi ni kipi, afu dondoshea haidrojeni peroksaidi, ile ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda inatosha. Vyote viwili vitatoa povu. Waulize, damu iko wapi? Watagawanyika, watabishana, na hapo ndo utawafunulia. Ini lina kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, sawa na damu, kiazi nacho kinacho. Hata vile vipimo vya damu tunavyotumia eneo la tukio vina tabia hiyo, kipo kimoja kinachogeuka pinki kwenye damu na kinaweza kugeuka pinki pia kwenye baadhi ya mboga, na luminoli, dawa inayong'aa gizani ikigusa damu, inawaka hata kwenye sakafu iliyopigwa deki na jiki. Ndo maana kipimo cha kwanza kinasema tu "inawezekana ni damu", afu sampuli inapelekwa maabara kuthibitishwa. Damu ya wanafunzi usitoe hata tone, kuna homa ya ini na VVU, ini la ng'ombe linatosha kila kitu.

Na kila jaribio liwe na sahani ya tatu yenye maji tu, hiyo haitakiwi kutoa povu, ikitoa ujue vifaa vyenu ndo vichafu. Walimu wengi wanairuka hiyo wanaona inapoteza muda, wakati ndo sayansi yenyewe ilipo. Ujerumani walijifunza kwa machungu. Polisi wa kike aliuawa kwa risasi mjini Heilbronn mwaka 2007, kwenye gari lake ikapatikana DNA ya mwanamke, na DNA hiyo hiyo ikawa imeshaonekana kwenye mauaji ya zamani, kwenye wizi, kwenye sindano ya dawa za kulevya, Ujerumani, Austria na Ufaransa, matukio kama 40. Wakaweka zawadi ya euro 300,000 kwa atakayesaidia apatikane. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba huyo muuaji hayupo, DNA ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa anashughulika na vile vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu sawa, lakini kuua vijidudu hakuondoi DNA. Kwa miaka polisi wa nchi tatu walikuwa wanamfukuza mama wa watu aliyekuwa kazini kwake, na waliomuua yule polisi wako huru, silaha zilikuja kupatikana 2011 kwa kundi la Wanazi mamboleo. Vijiti visivyotumika vingepimwa vya kutosha mapema, huenda hayo yote yasingefika huko.

Ile praktiko ya kutoa DNA kwenye ndizi kwa sabuni, chumvi na spiriti baridi fanyeni tu, watoto wanaipenda, ila waambie wazi kwamba ule utando mweupe unaoelea siyo "kipimo cha DNA", hausomi kitu. Hili nalisisitiza kwa sababu mtaani kuna watu wanaishi mjini kwa ujinga wetu huo. Kuna wanaochukua hela za wababa kwenye Whatsapp eti tuma unywele wa mtoto tukupe majibu kesho. Tanzania tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, sampuli ya uzazi inachukuliwa kwa utaratibu, ombi linapitia kwa wakili, ustawi wa jamii au mahakama, siyo kwa mtu asiye na ofisi. Kuna na hizi app za kupima uongo, unaweka kidole kwenye kioo cha simu inasema mkweli au muongo, ni mchezo wa watoto lakini kuna watu wazima wameachana kwa ajili yake. Hata ile mashine halisi ya polisi wa Marekani inapima mapigo ya moyo, pumzi na jasho, na mtoto asiye na hatia akisimamishwa mbele ya mwalimu wa nidhamu jasho litamtoka kuliko mwizi mzoefu. Mimi hawa siwatofautishi na yule anayepiga ramli ya kutafuta mwizi, wote wanakupa jina kwa sababu ulienda ukitaka jina. Wizi wa bwenini pelekeni polisi, na matranka yafungwe kufuli nzuri, matroni awepo saa za prepu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanaamini mashine halafu kielelezo chenyewe wanakiharibu nyumbani kabla hakijatufikia. Mtu kafa, chumba kimeshaoshwa "kwa heshima ya marehemu". Kisu kimeokotwa, kimepitishwa kwa watu wote wa mtaa, kimepigwa picha na kurushwa kwenye grupu, ndo kinaletwa kwenye mfuko wa rambo. Wafundishe wanafunzi wako bahasha za kaki. Kila kitu bahasha yake, nguo yenye unyevu ikaushwe kivulini kwanza, isiwekwe kwenye plastiki maana itaota ukungu na DNA itaharibika, andika ni nini, umeitoa wapi, lini, saa ngapi, saini juu ya mdomo wa bahasha, na kila anayeipokea naye aandike. Mwanasheria wa utetezi swali lake la kwanza mahakamani ni hilo, ilikuwa kwa nani usiku ule.

Na wasichana na wavulana wako wote waambie hili bila kuzunguka: mtu akibakwa au kulawitiwa asioge, asifue, asichome nguo hata kama mama au bibi anamhurumia na kumwekea maji ya moto. Nguo ziende naye kwenye karatasi. Polisi wanatoa PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, lakini kama hali ni mbaya aanze hospitali, fomu itafuata. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo ni kwenda leo, siyo kesho baada ya kikao cha ukoo.