Michoro ya umeme wa meli: kila kebo iwe na jina moja

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza vipi mafundi watano wanaochora umeme wa boti za doria zinazojengwa wataepuka karatasi zinazopingana, ilhali kila mmoja anachora na kuhifadhi kwenye kompyuta yake. Nimefanya kazi ya umeme wa meli hapa Unguja miaka 19, zaidi kwenye matengenezo, na ninayoyasema nimeyapata kwa kufuata kebo ngamani, yaani chini kabisa ya meli maji yanapojikusanya, nikiwa na mchoro mkononi.

Meli moja ya abiria, iliyokuwa imefunga gati Malindi baada ya safari ya Mkoani, ilituchukua siku mbili. Pampu ya ngama ilikuwa haiwaki kutoka kwenye meza ya udhibiti, ingawa ukibonyeza kitufe cha kwenye sanduku lake inawaka. Kebo ya baina ya meza na sanduku ilikuwa imebadilishwa karibuni, na aliyeibadilisha, kwa kufuata karatasi ya meza, aliunga waya wa kuwashia kwenye terminali 7, yaani kiungio cha waya chenye namba 7. Karatasi ya sanduku tuliipata ndani ya kifuniko: 7 imekatwa, na pembeni yake, chini ya alama ya kidole chenye grisi, pameandikwa 9 kwa kalamu nyekundu, bila tarehe wala saini. Aliyehamisha waya hapo zamani alifanya kazi sahihi, lakini sahihisho lake halikufika kwenye karatasi ya pili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, msianze na michoro. Anzeni na daftari moja la vifaa na kebo, na karatasi zote zitokane na hilo. Katika programu ya kuchorea ya kawaida mstari ni mstari tu, programu haijui kwamba ile ni kebo. Zipo programu za umeme ambazo ukibadilisha terminali pahala pamoja, kila karatasi inayoitaja hubadilika. Mkiwa hamna uwezo wa kuinunua, jedwali moja linatosha kuanzia: namba ya kebo, inatoka wapi, inakwenda wapi, nyuzi ngapi, unene gani, inapita kiambaza kipi, yaani ukuta gani wa ndani ya boti. Alama zifuate IEC 60617, na majina yafuate IEC 81346, viwango vya kimataifa vya umeme; hicho cha pili hutenganisha kazi (=), mahali (+) na kifaa (-). Kebo ikiondolewa, namba yake isipewe kebo nyingine kamwe.

Boti zinazojengwa kwa mfululizo zina hatari yake. Ya pili huletewa pampu ya aina nyingine, ya tatu rada mpya, na mtu hunakili faili lote kisha akasahau kurekebisha nusu yake. Kila karatasi itaje inahusu boti zipi, na awepo mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuingiza mabadiliko kwenye daftari. Wengine waandike kwa kalamu nyekundu kwenye nakala moja iliyomo botini, wakiweka tarehe na saini, naye aikusanye kila jioni.

Nasisitiza hivi kwa sababu katika meli nyingi umeme hauungwi na chuma cha meli. Waya mmoja ukigusa chuma, breka, yaani swichi inayojikata yenyewe kukiwa na hitilafu, haikati. Kasoro huonekana kwenye taa tatu za ubao mkuu, unaogawa umeme wa meli nzima: moja hufifia na mbili hung'aa zaidi, na fundi huzima saketi moja moja mpaka aipate yenye kasoro. Mchoro ukisema uongo, anaweza kuuzima usukani meli ikiwa kwenye mkondo wa maji, akidhani amezima taa za sitaha.

Kabla boti haijashushwa majini, watu wawili waifuate kila kebo kutoka ubao mkuu: mmoja asome namba kwenye jedwali, mwenzake aishike lebo kwa mkono, kwenye ncha zote mbili na pande zote mbili za kiambaza. Muda ukiwa mfinyu, anzeni na usukani, pampu za ngama na pampu ya moto.