Bleza ya buluu: angalia mabega kwanza

Ndugu, nimekuelewa: umenunua bleza ya buluu iliyokoza kwa ajili ya usaili wa kazi, mabega yanakuzidi, na hujui uivalie suruali gani.

Anza na mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Ukizidi sana, irudishe dukani kabla hujakata lebo, maana kulibomoa bega ni kazi ngumu na ya gharama, na fundi asiyezoea makoti anaweza kuliharibu lote. Mikono mirefu au kiuno kipana visikutie hofu. Hivyo hupunguzwa kwa urahisi. Mkono uache kama sentimita 1 ya shati ionekane.

Suruali ya kijivu ndiyo salama zaidi, kaki inafuata. Epuka buluu inayokaribiana na koti: itaonekana suti iliyokosewa.

Kama ina vifungo viwili, cha chini usikifunge kabisa, na ukikaa fungua vyote. Fumua pia ule uzi wa msalaba kwenye mpasuo wa nyuma, ule mshono wa muda wenye umbo la X unaoufunga mpasuo koti likiwa jipya. Inaniuma sana kumwona mtu nadhifu akiingia nao kwenye usaili, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.