Bibu zangu zinanuka hata zikifuliwa, nibadilishe kitambaa gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina cherehani moja hapa Nkuhungu, Dodoma, na tangu mwaka jana nashona bibu za watoto. Mbele naweka kitenge, nyuma taulo, katikati plastiki ile ya kutandika mezani ili uji usipenye hadi kwenye nguo. Wateja wangu ni kina mama tunaokutana kliniki. Sasa wameanza kulalamika: zinanuka hata zikifuliwa, hazikauki upesi, na mmoja kaniambia mwanawe ametoka vipele shingoni. Nimebakiwa na kumi na nane. Nibadilishe kitambaa gani? Halafu kamba za shingoni wengine wanasema ni fupi, nizirefushe kiasi gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. Kamba usizirefushe, ziondoe. Mtoto wa miezi minane anatambaa, na chochote kinachoning'inia shingoni mwake ipo siku kitanasa kwenye kitasa, kwenye mguu wa kiti au kwenye ukingo wa kitanda. Fundo haliachii, kadiri anavyovuta ndivyo linavyokaza. Tena fundo lililolowa uji halifunguki kwa mkono mmoja, na mama mwenye mtoto aliyejipaka uji mpaka nyusi hana mkono wa pili.

Tumia vifungo vya kubonyeza, vile vya plastiki vinavyolia "ta". Ukivuta kwa nguvu vinaachia, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Vifungo vya kawaida vya matundu sivitii kabisa kwenye kitu kinachokaa karibu na mdomo wa mtoto, maana uzi ukichakaa kifungo kinaishia kooni. Velkro nayo inaachia, ila inakusanya nyuzinyuzi kila ikifuliwa, ikifungwa kombo inakwaruza shingo, na mtoto akikaribia mwaka anagundua raha ya kuichana mwenyewe katikati ya mlo. Kifungo kikae begani badala ya kisogoni: mama aone anachofunga, na mtoto akiegemea kiti asilalie kitu kigumu. Weka nafasi mbili zilizoachana sentimita 2, bibu ikue naye. Na kwenye lebo andika kwa wino usiofutika: "Mvue kabla ya kulala."

Sasa harufu. Tafuta bibu yako moja iliyotumika, hata kama itabidi umpe mama mpya badala yake, ufumue upindo wa chini sentimita tano hivi. Kosa lako nimelifanya kabla yako, kwa hiyo najua utakachokuta. Mimi nilikuta plastiki imeshikwa na utando wa kijivu, uji umekaukia kwenye pembe ukawa kama ukoko wa sufuria, na taulo kwa upande wa ndani lina nukta nyeusi za ukungu. Kwa nje bibu hiyohiyo ilikuwa safi, inanukia sabuni.

Plastiki yako haikuvuja katikati, ilivujia kwenye matundu ya sindano. Hesabu mwenyewe: mshono wa milimita mbili na nusu unatoboa matundu arobaini katika kila sentimita kumi, na kila tundu limebaki na uzi ndani yake. Uzi wa pamba unanyonya kama utambi wa kibatari. Maziwa na uji vinapanda taratibu kuingia ndani, ila upepo na jua haviingii. Ukifua, maji nayo yanaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Ndiyo maana hazikauki, ndiyo maana zinanuka, na ndiyo maana hata ukibadilisha kitenge ukaweka kitambaa cha bei mbaya, mwezi mmoja baadaye harufu itarudi. Cha kubadilisha ni ule ujenzi wa tabaka tatu zilizofungiwa pamoja.

Plastiki ya mezani ningeiacha hata isingevuja. Aina nyingi hulainishwa kwa kemikali za jamii ya fthalati, na bibu mtoto anaitafuna kutwa. Ulaya wameziwekea mipaka kwenye vitu vya watoto, na Marekani waliziwekea mipaka kwa sheria ya 2008. Plastiki ya mezani haikutengenezwa kwa ajili ya mdomo wa mtu.

Nionavyo, bibu yako umeipa kazi mbili zinazogombana. Udenda unatakiwa unyonywe. Uji unatakiwa uzuiwe, kisha umwagwe. Kitambaa kinachofanya ya kwanza vizuri kitaiharibu ya pili. Kwa hiyo shona aina mbili, uziuze pamoja kama seti ukitaka.

Ya udenda ni rahisi. Udenda huanza kuwa mwingi mtoto akiwa na miezi mitatu au minne, kabla hata ya kuanza kula, maana kwa miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu. Hapo hana haja ya plastiki yoyote. Mkatie pembetatu ya tabaka mbili: mbele fulana ya pamba, nyuma taulo jepesi au flaneli. Upande wa shingoni sentimita 38 ukijumlisha sehemu ya kupandana, kina sentimita 15 hadi 17. Tisheti za pamba za mitumba pale Sabasaba zinafaa kuliko jora jipya, kwa sababu zimeshafuliwa mara nyingi: hazirudi tena na zimelainika. Kitambaa kipya lazima ukiloweke na kukianika kabla hujakikata. Kitenge kipya kinachelewa kunyonya, na chenye rangi kali kipime kwanza: kiloweshe, kikunje pamoja na kitambaa cheupe, kiweke jiwe juu usiku mzima. Asubuhi cheupe kikiwa na rangi, hicho peleka kwenye gauni. Tengeneza nyingi na ndogo, maana siri yake ni kubadilishwa mara tu inapolowa.

Ya kulishia ndiyo inayotaka akili. Mimi naipima kwa kopo. Maji yetu unayajua: leo yapo, kesho ni mgao, na ndoo iliyopo inasubiriwa na vyombo, nepi na mboga. Bibu isiyosafishika kwa kopo moja la nusu lita, mama ataifuta juujuu na kumfunga tena jioni. Simlaumu. Ni kazi ya fundi kuifanya isafishike kwa hilo kopo.

Namna yake ni tabaka moja tu. Tafuta kitambaa cha polyester chenye utando wa poliurethani upande mmoja, kile wanachoshonea nepi za kufua. Ukikosa wauzaji wa hapa, agiza kwa mtu anayekwenda Kariakoo, umwambie hivyohivyo, "cha nepi za kufua", asije akakuletea cha mwavuli. Kitambaa hiki hakifumuki kikikatwa, kwa hiyo hakihitaji upindo. Kata ukingo kwa mkasi mkali na uuache hivyo. Pasipo na upindo uji hauna pa kujificha. Usikishikize kwa pini katikati, kila pini ni tundu. Mimi natumia vibanio vya kuanikia nguo pembezoni.

Sehemu pekee ya kushona ni shingoni. Shimo liwe na kipenyo cha sentimita 9, mzunguko wake utakuja kama 28. Bibu ikishafungwa, vidole vyako viwili vipite kati yake na shingo bila kulazimisha. Zungushia ukanda wa fulana ya pamba wenye upana wa sentimita 4, uliokatwa kwa upande unaovutika, na uushone ukiuvuta kidogo usije ukapiga mawimbi. Hapa ndipo mafundi wengi tunapowaumiza watoto bila kujua: ule unene wa mshono tunauacha upande wa ngozi kwa sababu mbele panatakiwa papendeze. Ugeuze. Unene ukae mbele, laini ikae shingoni. Pitisha shavu lako juu ya mshono kabla hujauza. Shavu linasikia usichosikia kwa vidole vilivyokomaa kwa kazi. Uzi uwe wa polyester na mshono mrefu kidogo, milimita tatu hadi tatu na nusu, matundu yapungue.

Halafu mfuko wa kukingia. Mfuko wa kitambaa ulioshonwa pande tatu ni pambo tu: unalala bapa, uji unapita juu yake hadi mapajani, na zile pembe mbili za chini hazisafishiki hata kwa mswaki. Fanya hivi. Kifuani bibu iwe na upana wa sentimita 24. Kutoka shingoni hadi mstari wa kukunjia, 22. Chini ya mstari huo ongeza 7, na hizo 7 zitanuke kuelekea chini hadi ukingo wa mwisho ufike 30. Sasa kunja kwenda juu na ubane pembe mbili kwa vifungo vya kubonyeza pale bibu ilipo na upana wa 24. Sentimita sita zilizozidi hazina pa kwenda, kwa hiyo mdomo wa mfuko unabenuka wenyewe na kubaki wazi. Baada ya kula, ta, ta, mfuko unafunguka unakuwa bapa, unamwagia kopo lako la maji, uji wote unateremka. Jaribu kwanza kwa karatasi ya gazeti uone unavyobenuka. Jaribu na mlenda pia, maana mlenda unateleza hata pale uji unapokwama.

Bibu za silikoni utaulizwa. Zinaoshwa kirahisi, huo ni ukweli, ila ni nzito kwa shingo ya mtoto wa miezi sita, zinachemka kwenye joto la Oktoba na Novemba, na wewe cherehani yako haiwezi kuzitengeneza. Waachie wanaoziagiza.

Vipele vya yule mtoto vinaelekea kutokana na unyevu: mikunjo ya shingo imefunikwa na plastiki, ndani jasho, maziwa na udenda. Mwambie mama aivue bibu mara mlo unapokwisha, amfute na kumkausha vizuri ndani ya mikunjo. Mimi ni fundi nguo. Vipele vikiwa vyekundu na vibichi, vikitoa harufu au visipopungua kwa siku chache, ampeleke kwenye kituo cha afya.

Kuhusu ufuaji, wape wateja maelezo mafupi kwa mdomo. Maziwa, yai na ndizi: maji ya baridi kwanza, tena mapema. Maji ya moto yanaigandisha protini ya maziwa na yai kwenye uzi, na ndizi ikikaukia inageuka kahawia ambayo haitoki. Doa la manjano la binzari lifulie kisha lianike juani likiwa bado bichi. Rangi ya binzari haivumilii jua, na jua la Dodoma ni la bure. Maji ya visima vya huku yana chumvichumvi, sabuni ya mche ikikutana nayo inaacha utando unaokakamaza taulo mpaka likatae kunyonya. Sabuni ya unga, kidogo, na kusuuza vizuri. Ile ya kulainisha nguo wasiitumie kwenye bibu za udenda, nayo inaziba unyonyaji.

Bibu za pamba zianikwe juani na zipigwe pasi pande zote mbili, mishono isisahaulike. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini, na buu wake akiingia kwenye ngozi ya mtoto anaota kama jipu. Pasi inamuua. Ile ya kulishia haipigwi pasi, utando utayeyuka. Ifutwe kwa kitambaa kikavu na itundikwe ndani, kwenye hewa. Jua kali la kila siku linapasua utando wake.

 

Hizo kumi na nane usiziuze zilivyo, wala usizitupe. Fumua upande mmoja, toa plastiki yote, toa kamba, kisha loweka kitenge na taulo uone kama rangi inatoka. Zitakazofaulu, zipunguze hadi kipimo cha pembetatu niliyokupa, kitenge kibaki mbele kionekane na taulo libaki nyuma liguse kifua, tia vifungo viwili begani, uziuze kama bibu za udenda. Plastiki uliyoitoa itandike chini ya cherehani unapotia mafuta.