Vigae vilivyobanduka: nani alipe?

Dada, umeuliza kama mwenye nyumba anaweza kukata dipoziti yako kwa vigae vilivyobanduka sebuleni. Hapa Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 66, inakutaka urudishe nyumba kama ulivyoipokea, lakini haikubebeshi uchakavu wa matumizi ya kawaida. Na kifungu cha 65 kinamtaka yeye aiweke katika hali ya kukalika.

Kabla ya kubishana naye, gonga kwa sarafu vigae vilivyo kando ya hivyo vilivyobanduka. Vikilia kama vina uwazi chini, saruji haikushika vizuri: hiyo ni kazi ya fundi wake, si wewe. Ila kigae kilichopasuka kwa kuangushiwa mtungi wa gesi, hicho lipa. Piga picha leo, mwandikie, na usome mkataba wako vizuri.