Kabla Hujaifungua SPSS, programu ya takwimu: kwa wadogo zangu wanaoanza PhD ya uhasibu wa usimamizi

Kila msimu wa semina nakaa viti vya nyuma, nasikiliza watu wakitetea mapendekezo yao ya utafiti, na kila msimu natoka nimeshika kichwa. Si kwamba hamna akili. Mnazo, tena wengine wenu mnazo kunishinda. Ila makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi na waliotutangulia, hata nadharia tete zinakosewa palepale. Mtu amejipanga, slaidi zinang'aa, vigeu (yale mambo yanayopimwa) vina mishale ya kwenda na kurudi. Ukimuuliza bajeti ya hizo kampuni anazozichunguza huandikwa mwezi gani na huandikwa na nani, anakutazama kama umemuuliza umri wa mamake. Haya basi, nayaandika mara moja nipumzishe mdomo.

1. "Hakuna aliyelifanya Mombasa" si pengo la utafiti. Hata bei ya madafu pale Mama Ngina pengine hakuna aliyeipigia rigresheni (hesabu ya jinsi kigeu kimoja kinavyokwenda na vingine), na tunaishi. Mahali panakuwa na maana pale unapoweza kutaja kitu gani cha mahali hapo kinachobadilisha mambo. Nyote mnawataja Hopwood (1972) na Otley (1978), watafiti wawili wa bajeti. Mmoja aliona kumpima meneja kwa bajeti peke yake kunaleta msongo, ugomvi na watu kuchezea hesabu. Mwingine hakuyaona hayo kwa kiasi kile. Mnaandika "matokeo yanakinzana, hivyo utafiti zaidi unahitajika", kisha mnasonga mbele. Ngojeni kwanza! Hopwood alikuwa ndani ya kampuni moja ya Chicago, kwenye vituo vya gharama (idara zinazopimwa kwa gharama zao) vinavyotegemeana, ambako idara yaweza kuharibiwa hesabu na jirani yake. Otley alikuwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe Uingereza, kila chimbo likipimwa kwa faida yake na likijitegemea zaidi. Hapo ndipo penye nyama. Sasa njoo huku kwetu: meneja wa kampuni ya kliaringi ana bajeti, lakini meli ikichelewa kuingia bandari ya Kilindini, kontena likilala na kulipiwa kila siku, dola ikapanda, bajeti hiyo inabaki ya nani? Ni kiasi gani cha matumizi yake anachoweza kukizuia kwa mkono wake? Swali hilo lina pengo ndani yake, na linapimika.

2. Fomyula ya Yamane ya 1967, ya kupata ukubwa wa sampuli, si dua ya kusomewa kila mgonjwa. Una kampuni 1,000, kosa la 0.05, unapata 286. Anayependa jedwali la Krejcie na Morgan (1970) anaandika 278. Vizuri, lakini hesabu hizo ni za kukadiria uwiano, mathalani asilimia ngapi ya kampuni zina bajeti ya maandishi. Wewe una rigresheni yenye vigeu huru 5, kwa hiyo swali lako ni la nguvu ya jaribio, yaani uwezo wake wa kuiona athari iliyopo kweli. Tazama jedwali la Cohen la 1992: kwa vigeu huru 5, kiwango cha 0.05 na nguvu ya 0.80, athari ya wastani inataka sampuli ya 91 na athari ndogo inataka 645. Na zile athari za mwingiliano (kigeu kimoja kikibadilisha nguvu ya kingine) mnazozipenda, kwa sababu zinafanya mchoro uonekane wa kisomi, aghalabu huwa ndogo. Piga hesabu hiyo kabla hujaenda kuchapisha hojaji, si baada ya matokeo kukataa.

Halafu huu mtindo wa kupeleka hojaji 3 kwa kila kampuni, kampuni 80, kisha sura ya nne inatangaza sampuli ya n = 240. Mhasibu, meneja wa fedha na meneja mkuu wa ofisi moja wanazungumzia bajeti moja. Ukiwahesabu kama watu wasiojuana, makosa sanifu yanapungua kwa uongo na nyota za umuhimu wa kitakwimu zinamwagika jedwali zima. Kama unachunguza kampuni, una 80.

3. Kuijaribu hojaji ni kukaa na mtu anayeijaza akikuambia anachofikiri, si kukimbilia alfa ya Cronbach (kipimo cha maswali kukubaliana) ivuke 0.7. Mpishi mkuu wa hoteli moja alisoma swali langu la kushirikishwa katika bajeti, akazungushia 5, kisha akaniuliza: "Kwani kuitwa kikaoni ukasomewa bajeti ndiko kushirikishwa?" Alfa ya kundi la maswali lenye swali lile ilikuwa nzuri mno.

4. Usipange safu moja peke yake kwenye Excel. Hapa mnivumilie kidogo, maana hii ndiyo iliyonitafuna.

Utafiti wangu ulikuwa wa hoteli za pwani: ushiriki wa mameneja katika bajeti, kwa vipengele 6 vya hojaji ya Milani (1975), utendaji wao, na ukubwa wa hoteli kwa idadi ya wafanyakazi. Hojaji zilirudi zimekunjwa, moja ina duara la kikombe cha chai, moja imejazwa kwa kalamu ya kijani hadi ukurasa wa pili kisha nyeusi. Niliziingiza mwenyewe, usiku, feni ikinipuliza karatasi. Zilipokwisha nikataka kujua tu hoteli kubwa ni zipi. Nikachagua safu ya wafanyakazi, nikaamuru ipangwe kutoka ndogo hadi kubwa. Excel, kwa haki yake, iliniuliza: tupange pamoja na safu nyingine, au tuendelee na hii tu? Nikabonyeza kuendelea. Nikatazama nilichotaka kutazama, nikahifadhi faili, nikalala.

Toka saa ile kila hoteli ilikuwa na wafanyakazi wa hoteli nyingine, na hakuna kilichopiga kelele. Wastani ulikuwa ule ule. Mkengeuko sanifu ule ule, cha chini na cha juu vile vile. Jedwali la takwimu elezi halikutikisika hata nukta. Kilichobadilika ni uhusiano tu: ule wa ukubwa na ushiriki ulikuwa karibu na sifuri. Sasa Merchant (1981) alishaonyesha kwamba kampuni kubwa huelekea kwenye bajeti rasmi ambazo mameneja hushiriki zaidi, na kwangu hakuna kitu. Mwenye busara angerudi kwenye karatasi. Mimi nilifurahi. Niliona nimegundua jambo.

Wadogo zangu, niliandika! Niliandika kurasa kwa kurasa juu ya umiliki wa familia huku pwani, juu ya wenye hoteli wanaoamua mambo barazani baada ya alasiri, juu ya ukubwa "unaopoteza nguvu yake ya kimuundo" katika mazingira yetu. Nikayapeleka kwenye kongamano. Mzee mmoja wa taaluma hii alinipa mkono, akasema hatimaye amepatikana anayeieleza Afrika kwa jicho la Mwafrika. Siku hiyo sikukanyaga chini.

Msimamizi wangu hakuwa mtu wa maneno. Aliivuta kompyuta upande wake, akaanza kushuka kwenye data mstari baada ya mstari, kitu ambacho mimi sikuwa nimekifanya tangu nimalize kuingiza. Akasimama.

"Hii ina vyumba 12. Si ile gesti yako ya Likoni?"

Nikamwambia ndiyo, mwalimu.

"Wafanyakazi 312. Wanalala wapi wageni?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja. Nilirudi nyumbani nikaitoa katoni chini ya kitanda, mke wangu akawa ananisomea namba ya hojaji na idadi ya wafanyakazi, mimi narekebisha. Tulipomaliza, ukubwa ulipata uhusiano wake na ushiriki, chanya, kama Merchant alivyosema, na umiliki wa familia ukaenda na maji. Kurasa zile nilizifuta. Kongamano nililiandikia barua kuomba muhtasari wangu uondolewe, na barua hiyo niliiandika upya mara kadhaa kwa aibu. Mahafali ya mwaka ule nilihudhuria kama mgeni wa rafiki yangu, nikampigia picha.

Kubonyeza hakuniumi sana, kila mtu hubonyeza. Linaloniuma mpaka leo ni wepesi ambao maelezo yalinijia nao, tena maelezo mazuri, yenye marejeo, juu ya hoteli ambazo hazikuwepo duniani. Ndiyo maana nilikohoa semina iliyopita mwenzenu alipoeleza mgawo wake hasi wa rigresheni kwa "utamaduni wa watu wa pwani". Nilimuuliza kama vile vipengele vilivyoulizwa kinyume alivigeuza alama. Hakuwa amevigeuza. Watu wa pwani hawakuwa wamefanya lolote.

Kwa hiyo: faili ghafi lifunge lisiweze kuandikwa juu yake. Kila badiliko liwe ndani ya faili la amri, uwe unatumia SPSS, Stata au R, ili uweze kulirudia toka mwanzo mbele ya mtu. Na kabla ya rigresheni ya kwanza, chomoa hojaji kadhaa za karatasi bila kuchagua uzilinganishe na mistari yake.

5. Mkimuuliza meneja yule yule, kwenye karatasi ile ile, asubuhi ile ile, kama anashiriki bajeti na kama anafanya kazi vizuri, mtapata uhusiano, kwa kuwa aliyeamka vizuri atajipa 4 kote. Nani mtaa huu hujipa 2 kwa utendaji wake? Kisha mnabandika jaribio la Harman la kipengele kimoja, la kuona kama majibu yote yanavutwa na chanzo kimoja, kama stika ya ukaguzi kwenye matatu. Podsakoff na wenzake (2003) walishasema jaribio hilo halitoshi. Utendaji utafuteni kwingine: kwa bosi wake, kwenye tofauti halisi ya bajeti na matumizi, kwenye vyumba vilivyolaliwa. Ni kazi, najua. Watu wa idara ya fedha hawapendi kutoa tarakimu. Wakigoma kutoa shilingi, ombeni asilimia, mara nyingi hapo hulegea.

6. Msipeleke hojaji kwa mhasibu tarehe 7, kwa sababu kodi ya mishahara (PAYE) inatakiwa mamlaka ya kodi (KRA) kufikia tarehe 9, wala tarehe 18, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni tarehe 20, na mwezi wa Juni wote mwacheni na iTax yake, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Kwa hoteli, mwezi wa Desemba usahau kabisa. Msimu wa mvua za masika mameneja wana nafasi, ila hakikisheni hoteli yenyewe haijafungwa kwa ukarabati na watu wamepewa likizo. Kibali cha utafiti cha NACOSTI kikae mfukoni siku zote. Askari wa getini hukiheshimu kuliko profesa.

7. Ile sentensi ya kwamba marejesho ya hojaji ya asilimia 50 yatosha, 60 ni mazuri na 70 ni mazuri sana, ipumzisheni. Ili kukisia kama wasiojibu wangejibu tofauti, linganisheni waliojibu mapema na waliojibu kwa kusukumwa, kama Armstrong na Overton walivyopendekeza mwaka 1977, na hata hapo semeni kwa unyenyekevu.

8. Kigeu kinachopitisha athari na kigeu kinachobadilisha athari ni vitu viwili. Chora mstari wako, uamue, kisha usibadilishe baada ya kuona thamani ya p.

9. Jibu lililokosekana mkilipa alama ya 99, iambieni SPSS kwamba 99 ni pengo. Kuna mmoja wenu aliyeleta wastani wa kuridhika na bajeti wa 11.4 kwenye skeli ya 1 hadi 5, na akauandikia aya nzima ya ufafanuzi, yenye marejeo. Anajijua. Aje na faili lake Alhamisi, chai na mahamri ni juu yangu.